Zamani ipi? Riverbu, dilei na sauti ya zilipendwa

Wasanii wanaokuja studio kwangu Sinza siku hizi wana ombi moja: wimbo usikike kizamani. Kisha mifano inaanza kuingia WhatsApp. Wa kwanza ni Mlimani Park, bendi ya dansi ya Dar. Wa pili ni pop ya Uingereza ya katikati ya miaka ya 1980, snea, ile ngoma ya mlio mkali, inapasuka halafu inakatika ghafla. Wa tatu ni rokinroli ya Marekani ya miaka ya 1950, sauti ya mwimbaji ikijirudia mara moja tu nyuma yake mwenyewe. Mtu mmoja, wimbo mmoja, zamani tatu zisizofahamiana. Kwa hiyo swali langu la kwanza, kabla hata ya kuuliza ufunguo wa wimbo, huwa ni hilo: zamani ipi?

Siulizi kwa uchokozi. Vyombo vyenyewe havijabadilika sana. Gitaa la umeme lililobuniwa miaka ya 1950 bado linauzwa madukani kwa umbo lile lile, na koo la binadamu halijapata toleo jipya. Kilichobadilika kila baada ya miaka michache ni mahali pa kuiweka sauti: chumba gani, mashine gani, tepu au chipu. Msikilizaji hata kama hajawahi kukanyaga studio, sikio lake linausoma mwaka wa wimbo kwenye mwangwi kabla halijausoma kwenye melodi.

Kwa asiye wa kazi hii, riverbu ni mirudio midogo midogo iliyosongamana hadi huwezi kuitenganisha, kile unachokisikia ukikohoa ndani ya kanisa kubwa. Dilei ni mrudio unaohesabika: sauti inatoka, inakaa kidogo, inarudi. Watu wa sherehe hapa Dar wanaijua dilei kupitia ma-MC, wale ambao "karibuni" yao inajirudia mpaka bwana harusi anachoka kusimama. Hiyo nayo ni dilei, ila imewekwa na mtu anayeipenda sauti yake kupita kiasi.

Programu yoyote ya kurekodi ya leo inakuja na kumbi, makanisa, mapango na vyumba vya kila ukubwa, vyote ndani ya kompyuta moja. Matokeo yake unafungua faili la miksi, yaani wimbo uliochanganywa vyombo vyake, ya kijana na kukuta gitaa liko kwenye ukumbi, sauti iko kanisani, snea iko bafuni na kinanda kiko mahali ambapo fizikia haijafika. Kila chombo kina nyumba yake. Wimbo unakuwa mpana, unang'aa, na hauna mwaka. Kwa miaka niliyofanya kazi hii, nimefikia kuamini kwamba tofauti kubwa kati ya miksi ya zilipendwa na ya sasa ni kwamba zamani nafasi ilikuwa moja, na wote waliingia humo humo.

Mfano wa jambo hili tunao hapa hapa nyumbani. Bendi nyingi tunazoziita za zilipendwa, kina NUTA Jazz, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Afro 70 ya Patrick Balisidya, ziliwahi kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kule Barabara ya Pugu ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Bendi iliingia yote, maiki zikiwa chache, wakapiga pamoja toka mwanzo hadi mwisho. Nilikwenda kumwona mzee mmoja wa Magomeni aliyepiga gitaa la ridhim enzi hizo. Nilimwamkia, nikakaribishwa kiti, na baada ya chai nikamuuliza walikuwa wanaweka efekti gani kwenye sauti.

Alicheka kwanza. "Efekti gani, mwanangu? Trampeti walikuwa wanasimama kule," akanyoosha kidole hadi ng'ambo ya uchochoro, "mwimbaji yuko hapa. Ukizidisha, unaambiwa rudi nyuma hatua mbili."

Niliporudi studio nilifanya hesabu. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Trampeti iliyoko mita 5 kutoka maiki ya mwimbaji inafika pale ikiwa imechelewa milisekunde 15 hivi, na njiani imebeba kuta za chumba. Kwa hiyo hatua mbili za yule mzee zilikuwa zinafanya kazi tatu kwa mpigo: kupunguza sauti, kuongeza dilei ndogo na kuongeza riverbu. Na kwa kuwa chumba ni kile kile, mwangwi wa trampeti na mwangwi wa mwimbaji ni ndugu. Mimi leo nina kitelezi cha sauti, kisanduku cha dilei na kisanduku cha riverbu, vitatu tofauti, na ninaweza kuvipeleka pande tatu zinazogombana bila mtu kunizuia.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawaliweki kwenye hesabu. Sisi hatukuzisikia zilipendwa studioni. Tulizisikia redioni, kwenye masafa ya kati, redio ikiwa juu ya kabati. Baadaye tukazisikia kwenye kaseti iliyorekodiwa kutoka redio hiyo hiyo, kisha kwenye kaseti ya kaseti. Matangazo ya masafa ya kati kwa kawaida huishia kwenye kilohezi 4 au 5 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), wakati sikio changa la binadamu linafika hadi karibu kilohezi 20. Sauti zote za juu, mng'ao wa matoazi, pumzi ya mwimbaji, "s" kali, zilibaki njiani. Ukisikiliza leo rekodi za RTD zilizohamishwa vizuri kutoka kwenye tepu, gitaa la solo linang'aa kuliko unavyolikumbuka. Mtu akisema anataka kizamani, mara nyingi anaitaka ile redio ya kwao.

Hapo ndipo nilipopata njia ninayoitumia hadi sasa. Sauti yenyewe ya mwimbaji naiacha safi, iwe ya leo, maana wimbo utachezwa katikati ya nyimbo nyingine za leo na ukiwa na giza, yaani bila sauti za juu, wote utaonekana mbovu. Redio naiweka kwenye mwangwi peke yake. Mbele safi, nyuma kabatini.

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya dada mmoja wa Tabata. Wimbo wa mapenzi, gitaa mbili, besi, kinanda cha kuiga ogani, mapigo 112 kwa dakika. Nilimuuliza swali langu, akajibu bila kusita: "Kaka, mwisho wa sabini, lakini vijana wacheze." Jibu zuri. Linafuta mambo mengi mezani kwa mara moja, hasa snea za kulipuka.

Tulianza na sauti yake, na ule mrudio mmoja mfupi ambao wengi wetu tunauita slepu. Asili yake ni tepu. Mashine ya tepu ina hedi, yaani kichwa, ya kurekodi na hedi ya kusomea, zimeachana sentimita chache. Tepu inaandikwa kwenye ya kwanza, inasafiri, inasomwa kwenye ya pili, na muda wa hiyo safari ndiyo dilei yako. Umbali ukiwa sentimita 5 na tepu ikikimbia sentimita 38 kwa sekunde, unapata milisekunde 130 hivi. Ukipunguza mwendo hadi sentimita 19, unapata mara mbili yake. Sam Phillips, kwenye studio yake ya Sun kule Memphis, alitumia mashine ya pili ya tepu kwa kazi hii miaka ya 1950, na ndiyo maana sauti za waimbaji wake zina ule mgongo unaozifuata. Mwaka 1974 kampuni ya Roland ilitoa RE-201, inayojulikana kama Space Echo: kitanzi cha tepu kinachozunguka, hedi tatu za kusomea, na riverbu ya springi, yaani mwangwi unaotokana na waya wa springi unaotikisika, humo humo ndani. Mashine yenyewe sina, na bei yake sasa hivi ni ya kununulia bajaji. Ninayo ya kuigiza kwenye kompyuta.

Kinachofanya mrudio wa tepu uwe mtamu ni udhaifu wake. Kila ikizunguka inapoteza sauti za juu, na mota haikimbii kwa usawa kamili, kwa hiyo noti inayumba kidogo sana. Mrudio wa kidijitali ni nakala halisi, na nakala halisi inashindana na mwimbaji. Wa tepu unampisha. Hata dilei ya bure inayokuja na programu inaweza kufanya hivyo: weka filta, yaani kichujio cha masafa, ndani ya mzunguko wake, kata juu ya kilohezi 3, kata chini ya hezi 200, mrudio mmoja tu, sauti iwe desibeli 14 hivi chini ya mwimbaji. Kipimo changu ni rahisi. Nikiizima, mwimbaji ageuke aniulize nimeondoa nini. Nikiiwasha, asiitaje.

Sasa, huyu dada ubeti wake ulikuwa na maneno mengi, na hapa nilikutana na kitu ambacho hakuna video ya mafunzo kutoka Marekani iliyowahi kunieleza. Kwenye mapigo 112, gawa 60,000 kwa 112, pigo moja lina milisekunde 536. Nusu yake ni 268, robo yake ni 134. Yeye alikuwa anaimba silabi moja kwa kila robo ya pigo. Slepu ya Memphis, ya 130, ikawa inatua juu ya silabi inayofuata, kila silabi, ubeti mzima. Kiingereza kinavumilia hilo kwa sababu silabi zake nyingi zinafungwa na konsonanti, sauti inakatika yenyewe. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu iliyo wazi. "A" ya nyuma inaingia ndani ya "i" ya mbele, na msikilizaji wa kawaida anasema tu kwamba haelewi huyu dada anasema nini.

Niliishusha hadi 95. Mrudio ukawa unaanguka kwenye mwanya kati ya silabi na silabi, maneno yakafunguka, na ule mgongo ukabaki. Kwenye kiitikio, ambako noti ni ndefu na maneno ni machache, nikaweka 268 ambayo inakwenda na ngoma, na hapo ndipo wimbo ulipoanza kucheza wenyewe. Tangu siku hiyo nasoma mashairi kwanza. Mwimbaji wa maneno mengi anapata dilei fupi isiyofuata tempo, mwimbaji wa noti ndefu anapata inayofuata tempo. Hesabu ya tempo peke yake ingenipeleka pabaya.

Baada ya hapo tulihitaji chumba. Chumba kimoja, cha wote.

Studio kubwa za zamani zilikuwa na chemba za mwangwi. Capitol kule Hollywood wanazo chini ya ardhi, Abbey Road London walikuwa nazo pia. Kanuni yake haina siri: chumba kitupu chenye kuta ngumu, spika ndani, maiki ndani, unatuma sauti kavu na unarudisha iliyolowa. Sinza sina chumba kitupu. Hata stoo ina magunia ya mwenye nyumba. Lakini rafiki yangu anakaa ghorofa moja la zamani Upanga, la ngazi za terazo, kuta za plasta ngumu zilizopakwa rangi ya mafuta hadi kifuani, hakuna zulia, hakuna pazia. Ukifunga kufuli pale chini usiku, wa juu kabisa anajua.

Tukaomba ruhusa, tukaenda baada ya saa nne usiku magari yalipopungua. Spika niliiweka chini kabisa, nikaigeuza itazame kona. Maiki niliipandisha hadi ghorofa ya tatu, nayo nikaielekeza ukutani. Hili ni muhimu kuliko aina ya maiki: maiki isiione spika. Ikiiona, unapata sauti kavu iliyochelewa, na hiyo ulikuwa nayo tayari kwenye kompyuta. Unachotaka ni kile kilichogonga kuta angalau mara kadhaa. Waya mmoja mrefu ukapita katikati ya vyuma vya ngazi, na kompyuta nikaiweka mapajani.

Nilipocheza sauti ya yule dada peke yake, bila gitaa wala ngoma, ngazi nzima iliimba. Mlango wa ghorofa ya pili ukafunguliwa, mama mmoja mtu mzima akatoka na kanga yake begani. Nikadhani tumemwamsha.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba. Huyo binti anaimba yuko wapi?"

Nikamwonyesha spika kule chini. Aliichungulia juu ya vyuma, hakuridhika, akakaa kwenye ngazi na kuagiza turudie tangu mwanzo. Mara ya kwanza king'ora cha gari la wagonjwa lililokuwa likienda Muhimbili kiliingia kwenye kiitikio, tukarudia. Mara ya pili pampu ya maji iliwaka, tukasubiri tangi lijae. Mama hakuondoka.

Mwangwi wa zile ngazi ulikuwa na mkia wa sekunde mbili na zaidi, mrefu kwa wimbo wa mapigo 112. Rafiki yangu akaleta mablanketi, tukayatundika kwenye vyuma ghorofa ya kwanza na ya pili. Mkia ukapungua, na cha kufurahisha zaidi, zikaanza kupungua sauti za juu, maana kitambaa kinameza za juu kuliko za chini. Tukafungua mlango wa paa, ukapungua tena kidogo. Ukiwa na mablanketi na mlango una vitelezi viwili vya riverbu, na havihitaji umeme. Na kwa kuwa kutoka spika hadi maiki palikuwa na kama mita 10 za hewa, mwangwi ulianza baada ya karibu milisekunde 30 bila mimi kuupanga. Kwenye riverbu za kompyuta ucheleweshaji huo wa mwanzo unauweka kwa mkono, na wengi wanauacha sifuri. Matokeo yake mwimbaji anatumbukia ndani ya riverbu badala ya kusimama mbele yake.

Kabla ya kuondoka nilipasua puto. Mlio mmoja mfupi wa puto ukiurekodi vizuri unakupa alama ya vidole ya chumba, na kuna riverbu za kompyuta zinazoweza kuuchukua mlio huo na kukiweka chumba chote kwenye wimbo wowote. Ukitaka kufanya hivi Dar usiku, mwambie mlinzi kwanza. Tulimwambia, na bado alipanda ngazi mbili mbili na rungu mkononi.

Nyumbani nikawa na ngazi za Upanga kwenye sendi moja, yaani njia ya pamoja ya kupeleka vyombo kwenye mwangwi. Vyombo vyote vinapita humo, kinachobadilika ni kiasi, na kiasi nilikipanga kwa kidole cha yule mzee wa Magomeni. Ogani kule, ng'ambo ya uchochoro, nyingi. Ridhim katikati. Solo karibu, kidogo. Mwimbaji hapa, kidogo zaidi, na slepu yake. Besi na kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, havikuingia kabisa, kwa sababu mwangwi wa sauti za chini ndio unaochafua wimbo haraka kuliko kitu kingine chochote, na kwenye spika za daladala hugeuka ngurumo.

Kabla sauti haijafika kwenye sendi nikaweka filta mbili. Wahandisi wa Abbey Road walikuwa na desturi ya kukata chini ya hezi 600 na juu ya kilohezi 10 kabla ya kuingia kwenye riverbu. Ile 600 niliichukua ilivyo. Ya juu niliishusha hadi kilohezi 5, kwa ajili ya ile redio ya kabatini. Ukiusikiliza mwangwi huo peke yake hauna uzuri wowote, mwembamba, umefifia. Ukiurudisha nyuma ya sauti safi, unabaki kama maandishi ya kanga iliyofuliwa sana, rangi imekwenda lakini jina linasomeka.

Gitaa la solo lilihitaji kitu kimoja zaidi. Springi. Fender waliuza kisanduku chao cha riverbu ya springi mwaka 1961, na mwaka 1963 wakaiingiza ndani ya amplifaya, na tangu hapo gitaa la umeme na springi vimekuwa mke na mume. Sauti yake ina kimdondoko, kitu cha majimaji, hasa kwenye noti fupi za kukatwa. Sikuitumia kwenye mwimbaji hata tone. Springi kwenye sauti ya mtu inanikumbusha simu ya mezani.

Wakati mwingine dada aliniuliza kwa nini nisitumie riverbu ya bati, ameisoma mahali. Ni haki yake kuuliza. EMT 140 ya Wajerumani, iliyotoka mwaka 1957, ilikuwa shiti la chuma la kama mita 2 kwa 1 lililoning'inizwa ndani ya kasha, uzito wote zaidi ya kilo 250. Chuma kinatikiswa, kinaimba, vinasa vinachukua. Pop nyingi ya miaka ya 1960 na 1970 kutoka Ulaya na Marekani imepita kwenye bati. Ni laini, inang'aa, inambembeleza mwimbaji. Kwa wimbo wa kutaka harufu ya London ningeitumia. Bati ni kitu kisicho na kuta. Hukisikii chumba, unasikia chuma. Kwa wimbo wake nilitaka watu waliosimama kwenye chumba.

Kuhusu miaka ya 1980 nitasema kwa kifupi, maana inachosha haraka. Ile snea kubwa inayokatika ilizaliwa kwenye studio ya Townhouse, London, Hugh Padgham akiwa fundi na Phil Collins akipiga ngoma kwenye albamu ya Peter Gabriel ya mwaka 1980. Ni chumba kikubwa kilichobanwa kwa nguvu, kisha geti, kifaa kinachokata sauti ikishapungua, linafunga mlango kabla mkia haujaisha. Baadaye mashine za kidijitali zikaja na kitufe cha kuifanya tayari, na kila mtu akaibonyeza. Anayeitaka leo aweke riverbu ndefu kwenye snea peke yake, geti nyuma yake, lifunge baada ya nusu ya pigo hivi. Na akubali kwamba ile kanuni yangu ya chumba kimoja imekufa hapo: miaka ya 1980 ndipo kila chombo kilipoanza kuhamia nyumba yake.

Jambo ambalo sitaki kulipita haraka ni mono, yaani sauti ya njia moja isiyo na kushoto wala kulia. Dilei nzuri kwenye hedifoni ni ile inayoruka kushoto na kulia, na kila msanii anaipenda akiisikia. Halafu wimbo unakwenda kwenye simu ya spika moja, kwenye spika ya muuza juisi, kwenye bajaji ambayo spika ya kushoto ilikufa kitambo. Pande mbili zikiunganishwa kuwa moja, mirudio inarundikana katikati, mbele ya uso wa mwimbaji. Mbaya zaidi ni ile mbinu ya kuipanua sauti kwa kuichelewesha upande mmoja milisekunde 10 au 20. Ikiunganishwa, baadhi ya masafa yanafutana na sauti inakuwa ya puani. Rekodi nyingi za zamani zilikuwa mono toka mwanzo, kina chake chote kiko mbele na nyuma, hakuna pembeni. Kwa hiyo slepu naiweka katikati kabisa, chini ya sauti yenyewe. Ngazi za Upanga nazo zilikuwa maiki moja. Upana niliuacha kwa magitaa mawili, moja kila upande, basi.

Miksi hiyo niliijaribu kwenye simu iliyolazwa juu ya meza, kisha ndani ya gari la jirani injini ikiwaka. Nilibadilisha kitu kimoja tu baada ya hapo: neno la mwisho la wimbo, ambalo dada alilivuta, nililirusha peke yake kwenye dilei ya 268 yenye mirudio mingi, ya giza, hadi ikamezwa na ogani. Mara moja kwa wimbo mzima. Yeye alitaka kila mwisho wa mstari, tukabishana, tukakubaliana mara moja na nusu, yaani ya pili iko chini sana na nina hakika hakuna anayeisikia isipokuwa yeye.

Ombi la mikwaruzo ya santuri nililikataa. Zipo programu zinazoongeza mikwaruzo, vumbi na mngurumo wa tepu juu ya wimbo. Enzi hizo hakuna aliyekaa studio akatamani mikwaruzo, watu walihangaika kuiondoa.

Baadaye aliimba wimbo huo jukwaani, kwenye ukumbi mmoja wa sherehe Kinondoni. Vigae chini, vioo pande mbili, dari ya juu. Niliongozana naye, nikamwomba fundi mitambo azime riverbu yote kwenye maiki yake na aache slepu tu, ile ya 95. Aliniangalia kama mtu niliyekuja kumharibia kazi, akaniuliza wimbo utakuwaje bila riverbu. Nikapiga makofi mara moja, tukasikiliza ule ukumbi ukijibu. Akatikisa kichwa, akazima. Nilipokwenda kununua maji aliirudisha kidogo, niliisikia nikiwa mlangoni.